Pima skrini kabla ya kuandika programu: mwongozo kwa wanaowatengenezea watu wa mwaloni

Ukimwonyesha mama wa dagaa pale Kirumba Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, skrini ulizochora ukamuuliza "Unaionaje, mama?", atakwambia ni nzuri. Atakwambia hivyo hata kama hajaelewa kitufe kimoja, kwa sababu umemfuata kwake, umemwamkia vizuri, na si adabu kumvunja moyo mtoto wa watu aliyehangaika. Ukirudi ofisini na hizo "nzuri" zimejaa daftari, bado huna kitu. Mwongozo huu ni wa kutafuta jibu ambalo adabu haiwezi kulificha: unampa mtu kazi, unanyamaza, unaangalia mikono yake inaenda wapi. Na unafanya hivyo mapema, skrini zikiwa bado karatasi na mwandishi wa programu hajalipwa hata senti.

Mfano nitakaotembea nao ni programu ya simu ya kupokea oda za dagaa. Mchuuzi yuko Mwaloni. Wateja wake wako Shinyanga, Tabora, wengine Burundi na Kongo. Leo anaendesha biashara kwa kupiga simu, kwa WhatsApp na kwa kaunta buku. Kama wewe unatengeneza tiketi za kivuko au miadi ya zahanati, badilisha mfano. Hatua hazibadiliki sana.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kushika penseli

Prototaipu, yaani mfano wa awali wa programu, huchorwa ili ijibu swali. Bila swali utachora skrini arobaini, nusu yake za kujisajili, za wasifu na za mipangilio, na hakuna itakayokufundisha kitu. Andika sentensi moja inayoweza kujibiwa ndiyo au hapana kwa kumwangalia mtu. Kwa mfano: "Je, mchuuzi anaweza kupokea oda ya gunia tatu, akatoa bei, akaona kwamba hela imeingia, bila kumpigia mteja simu?"

Ukishaandika, chora skrini zinazogusa swali hilo tu. Kwa oda ya dagaa hazizidi saba au nane. Ukurasa wa kujisajili uache kabisa; kila mtu anajua unavyofanana, na ukiuweka mwanzoni utamchosha mshiriki kabla hajafika penye jambo.

Hatua ya 2: Kaa sokoni usikilize

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayookoa kazi nyingi. Kabla ya mstari wa kwanza nenda ukae asubuhi moja karibu na wanaouza, na uandike maneno kama yanavyotoka midomoni mwao. Tafuta hasa mambo matatu: vipimo, saa na hela.

Vipimo. Mbunifu aliyekaa mbele ya kompyuta ataweka kisanduku kilichoandikwa "Kilo". Lakini rejareja watu wanapima kwa kopo, kwa sado, kwa debe. Jumla ni gunia, na gunia la mmoja si lazima lilingane na la mwingine. Programu inayomlazimisha mtu kugeuza debe kuwa kilo kichwani inamwongezea kazi ambayo daftari halimwongezei. Halafu aina: dagaa walioanikwa mchangani na walioanikwa kwenye kichanja hawana bei moja, na wanaokwenda kwenye chakula cha kuku ni biashara nyingine. Orodha yako ya kuchagua ikisema "Dagaa" tu, mchuuzi atampigia mteja simu kuuliza ni wa aina gani, na swali lako la hatua ya kwanza limeshajibiwa: hapana.

Saa. Hapa programu nyingi za Tanzania zinaanguka kimyakimya. Simu inaandika 06:00, msafiri anasoma saa sita. Skrini ikiandika 12:00 bila neno la kando, dereva wa fuso anaweza kuelewa saa kumi na mbili alfajiri wakati wewe ulimaanisha adhuhuri. Kuna waliozoea kugeuza na kuna wasiozoea, na huwezi kuwatofautisha kwa kuwaangalia usoni. Andika "saa 12 asubuhi" au "saa 6 mchana", na uache mtindo wa 06:00 kwa ajili ya hifadhi ya ndani ya programu. Hata hivyo usiniamini mimi, liweke kwenye jaribio. Kazi moja ihusu muda wa mzigo kuondoka, kisha uone mshiriki atakuja kwa saa ipi.

Hela. Mtu anasema laki mbili na nusu. Kisanduku chako kinamtaka aandike 250000 bila alama yoyote. Sifuri moja ikipotea, ameuza gunia kwa elfu ishirini na tano. Panga koma zijiweke zenyewe anapoandika, na chini yake yatokee maneno: "laki mbili na elfu hamsini". Ni mstari mdogo, ila nimeona watu wazima wakiusoma kwa sauti kabla ya kubonyeza, na hiyo ndiyo kazi yake.

Hatua ya 3: Chora kwenye karatasi

Nenda steshenari yoyote mjini ukanunue karatasi za A4, manila moja, penseli, maka peni nyeusi, mkasi, selotepu na stika za kunatisha. Ongeza mifuko ya plastiki ya kuwekea karatasi na ubao wenye kibanio. Hivyo viwili vya mwisho si anasa: upepo wa ziwani hupeperusha skrini zako zote ukiwa unasalimia, na mikono ya mtu aliyeshika samaki huwa mibichi.

Kata manila iwe fremu ya simu, na katikati uache dirisha la sentimita saba kwa kumi na tano hivi. Skrini zako zitapita chini ya dirisha hilo. Ukurasa mrefu uchore kwenye karatasi ndefu, uuvute taratibu mshiriki anaposogeza kidole. Ataelewa mara moja.

Chora kwa ukubwa halisi na utumie rula kwenye vitufe. Mwongozo wa Google kwa Android unapendekeza sehemu ya kubonyeza isipungue vipimo 48 vya skrini (dp), sawa na milimita tisa hivi. Kwenye karatasi milimita tisa unaweza kuziona na kuziwekea kidole. Kama vitufe viwili, kimoja cha kukubali oda na kimoja cha kuikataa, vinafunikwa na dole gumba moja, hapo umepata kosa kabla hujatoka ofisini.

Kila kinachotokea na kupotea kiwe kipande chake: orodha ya kuchagua, kibodi, ujumbe wa kosa, "tafadhali subiri". Tengeneza pia kadi iliyoandikwa "Hakuna mtandao". Watu wanaovuka kwenda Ukerewe au kukaa visiwani wanaijua hali hiyo kuliko wewe, na programu yako lazima iwe na la kusema ikitokea. Siku ya jaribio utaitupa kadi hiyo katikati ya kazi bila kuonya.

Jaza taarifa za kweli. "Bidhaa ya 1, bei 000" haimfundishi mtu kitu. Andika "Dagaa wa kichanja, gunia 3, Tabora, Ijumaa". Mchuuzi akiona bei isiyo ya kawaida atacheka na kukusahihisha, na mazungumzo ya maana yataanzia hapo.

Usipake rangi, wala usinyooshe kila mstari. Mchoro uliochafuka kidogo unamwambia mtu kwamba bado kuna nafasi ya kuukosoa. Skrini iliyong'arishwa kwenye Figma, programu ya kuchorea skrini kwa kompyuta, inaonekana imekwisha, na kitu kilichokwisha watu hukisifu tu.

Jambo moja la kulisimamia kwa ukali ni malipo. Mtiririko wa kulipa kwa simu huishia kwenye kisanduku cha namba ya siri, na mtu aliyezama kwenye kazi ataandika namba yake halisi bila kufikiri, mbele ya watu watatu na simu inayorekodi. Chora kisanduku hicho kikiwa tayari kimejazwa nukta nne, abonyeze "Tuma" tu. Akianza kuitaja, mzuie papo hapo.

Hatua ya 4: Karatasi ikishapita, hamia kwenye simu

Kuna mambo karatasi haiyaonyeshi: mwanga wa jua juu ya kioo, kidole kikubwa kwenye kibodi ndogo, uzito wa kusubiri. Kwa hayo unahitaji simu. Figma na mwenzake Penpot zote mbili zinakuruhusu kuunganisha skrini ili kitufe kifungue ukurasa unaofuata. Tatizo ni kwamba ukizifungua sokoni zinakula bando, na kwenye simu ya bei nafuu zinasuasua. Mshiriki akisubiri hutajua kama tatizo ni lako au ni la mtandao. Mimi hupendelea kurasa chache za HTML (kurasa za wavuti za kawaida) zenye picha za skrini na viungo, zilizohifadhiwa ndani ya simu. Ni kazi ya jioni moja na haihitaji intaneti.

Simu hiyo iwe ya aina wanayotumia wao. Kioo chenye mpasuko kinafaa zaidi ya simu mpya ya bosi. Ipeleke juani, upunguze mwanga kama mtu anayeokoa chaji, halafu usome maandishi ya kijivu uliyoyapenda ofisini. Miongozo ya kimataifa ya WCAG, ya kufanya kurasa zisomeke na watu wote, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Chukulia hicho ni kiwango cha chini. Jua la Mwanza saa saba mchana linataka zaidi.

Kama watumiaji wako wana vitochi na huduma itapita kwenye menyu za USSD (zile za kupiga nyota na namba), prototaipu ni rahisi zaidi. Ujumbe mmoja wa USSD una nafasi ya herufi 182 tu, nafasi za katikati zikiwemo. Andika kila menyu kwenye kadi, hesabu herufi, na uone kama chaguo la sita bado linaingia. Unaweza pia kumweka mwenzako pembeni na simu yake, awe anajibu kwa SMS kama mashine huku mshiriki akidhani ni mfumo, au akijua ni mtu. Mtafiti John Kelley alifanya kitu cha namna hiyo huko Johns Hopkins, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980: watu waliandika kwa lugha ya kawaida wakiamini kompyuta inaelewa kalenda yao, kumbe mwanzoni yeye ndiye aliyekuwa akijibu kutoka chumba kingine. Ukimficha mtu jambo hili, mwambie kazi ikiisha.

Hatua ya 5: Tafuta watu sahihi, kwa wakati wao

Watano wanatosha kwa duru moja. Hesabu hiyo ilitoka kwa Jakob Nielsen na Thomas Landauer, watafiti wa urahisi wa kutumia programu, ambao mwaka 1993 walionyesha kwamba, katika miradi waliyoichambua, mshiriki mmoja aligundua kwa wastani asilimia 31 ya matatizo. Ukifuata hesabu hiyo, watano wanafika takriban asilimia 85. Ni wastani wa miradi ile, hakuna ahadi kwamba wako utafuata. Tena wanahesabika watano wa aina moja. Mchuuzi wa Mwaloni, mnunuzi wa Tabora na dereva wa fuso ni makundi matatu. Tafuta watatu au wanne kwa kila kundi, na kama fedha hazitoshi anza na yule atakayeumia zaidi programu ikikosea.

Usiwajaribie wanafunzi wa chuo kwa sababu wako karibu na wana simu. Kijana wa Nyegezi atapita skrini zako zote akiwa anatafuna karanga na utarudi nyumbani umedanganyika. Ndugu zako pia waache.

Kuhusu wakati, angalia mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti vizuri, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika au hupunguza safari. Siku za giza mwalo unachemka: mitumbwi inaingia alfajiri, mzigo unaanikwa, hakuna wa kukaa na wewe nusu saa. Siku hizo nenda kutazama tu. Vikao vya kukaa chini na karatasi vipange mwezi ukiwa mpevu, alasiri, wauzaji wakiwa wamepumua. Mvua nayo ni ya kuhesabu: wingu likikaa vibaya kila mtu anakimbilia kuokoa dagaa walio juani, na ubao wako utabaki na wewe.

Pitia kwanza ofisi ya soko au viongozi wa mwalo, ujieleze. Bila hivyo watakudhani mtu wa kodi, na hakuna atakayekuonyesha anavyopanga bei.

Muda wa mtu ulipie, kwa kiasi: soda na vocha, au hela ndogo mnayokubaliana. Mpe kabla ya kuanza. Ukimpa mwisho, atajihisi anapaswa kuistahili kwa kukusifia. Omba ruhusa ya kurekodi kwa maneno yanayoeleweka, na ueleze nani atasikiliza na utafuta lini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekuwa ikitumika tangu Mei 1, 2023, na sauti ya mtu inayomtambulisha ni taarifa yake. Kamera ielekeze mikononi. Sura huihitaji.

Hatua ya 6: Andika kazi bila kutaja vitufe

Kama kitufe chako kinasema "Oda mpya" na wewe unamwambia mshiriki "Weka oda mpya", umempa jibu. Atatafuta maneno hayo kwa macho tu. Msimulie tukio kwa lugha ya biashara yake:

"Mteja wako wa Tabora ametuma ujumbe. Anataka gunia tatu, wale wa kichanja, zimfikie Ijumaa. Fanya unavyoona inafaa mpaka ajue bei."

Nyingine: "Amesema ameshalipa. Hakikisha." Na nyingine ya mtego: "Amebadili mawazo, sasa anataka mbili. Lakini alishalipa tatu." Hii ya mwisho ndiyo inayofichua ubovu, kwa sababu wabunifu wengi huchora njia ya mambo yakienda sawa na kusahau siku yanapoharibika.

Kazi tatu hadi tano zinatosha kwa nusu saa. Ya kwanza iwe rahisi makusudi, ili mtu aanze kwa ushindi. Zisome kwa mdomo. Ukimpa mtu karatasi ya maswali atajihisi yuko kwenye mtihani.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Mnahitajika watatu. Mmoja anaongea na mshiriki. Wa pili ni "kompyuta": anabadilisha karatasi mshiriki anapobonyeza, bila kusema, bila kutikisa kichwa, bila kutabasamu kitufe sahihi kinapoguswa. Wa tatu anaandika. Anayeongea asiwe yule aliyechora. Hapo anaweza kusema kweli tupu: "Hivi sikuchora mimi, ukivisema vibaya hunikwazi." Sentensi hiyo inafungua mdomo kuliko maelezo yoyote. Na mchoraji, kama lazima awepo, akae nyuma na aandike. Akiachwa aongee ataanza kutetea kila kitufe.

Salamu zisikimbizwe. Shikamoo kwa anayestahili, na "mwangaluka" asubuhi kama unajua Kisukuma na utaweza kujibu kitakachofuata. Kaa chini, usimsimamie mtu aliyeketi kwenye ndoo. Uliza biashara inaendaje na usikilize jibu. Kisha sema kitu kama hiki:

"Mama, tuna programu bado haijatengenezwa, tumeichora kwenye karatasi. Tunataka kujua wapi imekaa vibaya. Hatukupimi wewe, tunapima karatasi. Ukikwama, karatasi ndiyo imekosea. Na nitakuwa mkorofi kidogo: ukiniuliza, huenda nisikujibu mpaka tumalize. Usinichukulie vibaya."

Hilo la ukorofi ni la lazima kwetu. Mtu akikuuliza "Nibonyeze hapa?" ukanyamaza, umemdharau, labda awe ameshaonywa. Ukishaonya, unaweza kujibu kwa upole, "Kama ningekuwa sipo, ungefanyaje?", na asikasirike.

Kisha nyamaza. Mtu akisita, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kufungua mdomo. Ukimya huo ni mgumu kwa mtu aliyelelewa vizuri, na karibu kila kitu cha thamani kinatokea ndani yake: kidole kinaenda kwenye "Rudi", kinasita, kinarudi, macho yanatafuta hela ilipokwenda.

Utaelekezwa katika miongozo mingi kumwambia mshiriki awaze kwa sauti. Clayton Lewis wa IBM aliieleza mbinu hiyo kwa wapimaji wa programu mwaka 1982, na inafanya kazi, lakini wengi hapa huona aibu kujisemea peke yao mbele ya wageni. Njia inayotoka vizuri sokoni ni kuwaweka majirani wawili mbele ya karatasi moja. Watabishana wenyewe. "Hapo si pa kulipa, hapo ni pa kufuta." "We, soma vizuri." Maneno ambayo usingeyapata kwa maswali hata kumi yatatoka bila kuombwa. Wakihamia Kisukuma au Kikerewe waache, mradi mmoja wenu anasikia. Angalizo tu: mmoja akimtawala mwenzie, kazi inayofuata mpe karatasi yule aliyenyamaza.

Mteja akija katikati, usimfukuze. Mwache mama auze, apime, arudishe chenji, ndipo arudi kwenye karatasi. Angalia anaanzia wapi. Programu yako itaishi hivyo kila siku, ikiwekwa kando na kushikwa tena, na skrini isiyomkumbusha mtu alipofika itamfanya aanze upya.

Utakutana na anayekuambia, "Nisomee, miwani nimeacha nyumbani." Inaweza kuwa miwani kweli, inaweza kuwa kwamba hasomi. Usichunguze. Msomee kwa sauti ya kawaida, andika pembeni kwamba skrini ilisomewa, na endelea. Ukipata wawili au watatu wa namna hiyo umepewa habari kubwa kuhusu maandishi yako, pengine kubwa kuliko ile uliyokuja kuitafuta: picha ya gunia, rangi ya hela iliyoingia na ujumbe wa sauti vinastahili kuchorwa kwenye duru ijayo.

Kazi zikiisha, maswali machache. Usiulize "Umeipenda?" wala "Utaitumia?", kwa sababu yote mawili yanajibiwa na adabu. Uliza: "Ukimfundisha mwenzako, utamwambia aanze wapi?" Maelezo yake yatakuonyesha programu aliyoielewa yeye, ambayo mara nyingi si ile uliyochora. Dodoso la kauli kumi la John Brooke (SUS), la kupima mfumo ni rahisi kutumia kiasi gani, lililoandikwa Uingereza mwaka 1986 na bado linatumika dunia nzima, liache kwa duru za baadaye zenye watu wengi. Kauli zake zinapishana, moja ya kusifu na moja ya kulaumu, na mtu aliyekaa juani na mzigo haoni sababu ya kuulizwa jambo moja kwa sura mbili.

Hatua ya 8: Andika ulichoona

Mwandishi wenu asiandike "alichanganyikiwa". Hayo ni maoni. Aandike: "Kazi ya 2. Aligusa 'Oda zangu' mara mbili, akainua macho, akasema 'mbona hela haionekani?', akaomba kupiga simu." Mstari kama huo mwandishi wa programu hawezi kuubishia. Weka safu tatu tu: alichofanya, alichosema, tulimsaidia au la. Safu ya tatu ni muhimu. Kazi iliyokamilika kwa msaada wenu haijakamilika.

Hatua ya 9: Panga makosa jioni ileile

Kumbukumbu za sokoni huchanganyika upesi, kwa hiyo kaeni siku hiyohiyo, hata kama ni kwenye meza ya mamantilie. Kila kosa liandikwe kwenye stika yake. Jiulizeni mawili: limewapata wangapi, na likitokea kweli litamgharimu mtu nini. La pili lina uzito zaidi. Kosa lililompata mmoja tu lakini linaweza kumpotezea laki mbili linatangulia kero iliyowapata wote watano ya maandishi madogo kwenye kichwa cha ukurasa. Chochote kinachogusa hela, namba ya simu ya mteja au kufuta oda kiwe juu ya rundo.

Mtu akipendekeza kitu ("wekeni na bei ya Musoma"), kiandike kwa heshima, lakini kwenye rundo lingine. Pendekezo ni wazo; kidole kilichokwama ni ushahidi.

Usisubiri watano waishe ndipo urekebishe. Kama wawili wa kwanza wameshindwa mahali pamoja na sababu iko wazi, chora upya skrini hiyo ukiwa palepale na umjaribie wa tatu. Wapimaji wa michezo ya kompyuta wa Microsoft walieleza utaratibu huo mwaka 2002, wakirekebisha kati ya mshiriki na mshiriki, na wao walikuwa na programu halisi ya kubadilisha. Wewe una penseli. Andika tu kwenye karatasi ni toleo la ngapi na nani aliliona, la sivyo kesho hamtajua nani alishindwa kwenye nini.

Duru ya pili tafuta watu wapya, kwani waliokwisha kuona mara moja wameshajifunza njia. Watatu wakimaliza mfululizo kazi ya malipo na ile ya kubadilisha oda bila msaada, skrini hizo zinaweza kwenda kwa mwandishi wa programu. Mpe picha za karatasi zilizopita, maneno ya vitufe kama yalivyosomwa sokoni, na pia zile zilizokataliwa, kila moja ikiwa na tarehe na sababu nyuma yake. Hizo za mwisho utazihitaji mwezi ujao, pale mtu kwenye kikao atakapopendekeza kisanduku cha kilo.